Msiwaachie Madalali Wachague Madaktari Wetu

Serikali imewaachia madalali kazi ya kuchagua nani atakuwa daktari wa Singida. Nawaita madalali kwa sababu ndiyo kazi wanayoifanya, hata kama kwenye mabango yao wameandika washauri wa elimu. Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka Julai, simu za wahitimu wa PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, zinaanza kuita. Matangazo yanamiminika kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi, ukumbi unakodiwa mjini, na kijana aliyekosa nafasi Muhimbili, Bugando au Dodoma anaambiwa kwamba China inamsubiri, India inamsubiri, Urusi inamsubiri, alete tu pasipoti na malipo ya kuanzia. Anaonyeshwa picha ya jengo la vioo na vijana waliovaa makoti meupe kwenye theluji. Mzazi wake, aliyetoka Sepuka au Nduguti na basi la alfajiri, anaitazama picha ile na kuamini kwamba ukoo umepata daktari.

Sina ugomvi na kijana wala na mzazi. Kuutamani udaktari katika mkoa huu ni akili timamu. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2 Singida, na yeyote aliyewahi kumsindikiza mgonjwa kutoka Rungwa hadi Itigi, au kutoka kijiji cha ndani cha Mkalama hadi hospitali ya Haydom iliyoko mkoa wa jirani wa Manyara, anaujua uhaba wa madaktari kwa miguu yake mwenyewe. Ninachokikasirikia ni kwamba nchi yenye Wizara ya Afya, Tume ya Vyuo Vikuu na Baraza la Madaktari imekubali uamuzi mzito kuliko yote katika maisha ya familia ya mkulima ufanywe kwa kutazama kipeperushi.

Tuanze na fedha, maana ndiko machozi yanakoanzia.

Familia ya Ikungi haina akaunti ya dola. Ina shamba la alizeti, ina vitunguu, ina ng'ombe kadhaa, pengine na kiwanja mjini kilichonunuliwa zamani kwa taabu. Ada ya udaktari katika vyuo vingi vinavyotangazwa huku huanzia dola 3,000 au 4,000 kwa mwaka, kabla hujagusa bweni, chakula, bima, viza na tiketi ya ndege. Mwaka 2022 dola 4,000 zilikuwa kama shilingi milioni 9.2. Katikati ya 2024, dola ilipopanda na kupita shilingi 2,600, ada ile ile ilivuka milioni 10.4 bila chuo kuongeza hata senti moja. Na wakati dola inapanda, alizeti ilikuwa inashuka. Serikali ililegeza ushuru wa mafuta ya kula yanayotoka nje katika mwaka wa fedha 2022/23, bei ya alizeti ikaanguka, na wakulima wa Singida wakabaki na magunia ndani wakisubiri mnunuzi mwenye huruma. Fikiria mzazi aliyempeleka mtoto mwaka mmoja kabla ya ushuru kulegezwa. Aliahidi kulipa miaka sita kwa hesabu ya bei ya gunia la mwaka mmoja. Mwaka wa pili gunia limeshuka, dola imepanda, na chuo kinatuma barua pepe ya tarehe ya mwisho. Asiyelipa hasajiliwi. Asiyesajiliwa viza yake inayumba. Basi ng'ombe wanapelekwa mnadani kwa haraka, na anayeuza kwa haraka mnunuzi anamjua tangu mbali.

Kijana aliyebaki Dodoma kusoma udaktari anaweza kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Anayejilipia nje hana mlango huo, kwani wanaosaidiwa kusoma ng'ambo ni wachache wanaokwenda kwa makubaliano ya serikali na serikali. Kwa hiyo mwenye shida zaidi ndiye anayebeba mzigo wote kwa mgongo wake. Ninaona watu wakisifu moyo wa wazazi wa namna hiyo. Moyo wao nausifu na mimi, ila sitasifu nchi inayowaacha peke yao halafu ikimaliza inawapigia makofi.

Wakala je? Wakala analipwa mtoto anapopanda ndege. Mara nyingi chuo cha nje kinamlipa kwa kila kichwa anachokipeleka, na familia inamlipa tena ada ya huduma juu yake. Mtoto akifeli mwaka wa tatu, wakala hapotezi kitu. Mtoto akifukuzwa kwa kukosa ada, wakala hapotezi kitu. Akirudi na shahada isiyoweza kumvusha mtihani wa Baraza la Madaktari, ambao bila kuufaulu haruhusiwi kutibu, wakala wakati huo yupo ukumbini na kundi jipya. Kuna mawakala waaminifu, na Tume ya Vyuo Vikuu inawasajili mawakala na kumtaka anayekwenda nje awe na barua ya kutokuwa na pingamizi. Hatua hiyo ni njema. Lakini barua hiyo inakagua karatasi za mtoto kabla ya safari, na haimwambii mzazi lolote kuhusu waliotangulia kwenye chuo kile: wangapi walimaliza, wangapi walirudi, wangapi leo wanatibu watu.

Na hatari za njiani tumeziona kwa macho. Januari 2020 mji wa Wuhan ulifungwa huku mamia ya wanafunzi wa Kitanzania wakiwa ndani. Machi mwaka huo China ikawafungia wageni mipaka, waliokuwa likizo wakakwama nyumbani, na wengi hawakuweza kurudi hadi 2022. Vijana waliotakiwa kuwa wodini walifuata masomo kwa simu sebuleni kwa baba zao, bando likikatika katikati ya somo la moyo, na ada ikaendelea kudaiwa. Hakuna anayejifunza kuzalisha kupitia kioo cha simu. Hakuna anayejifunza kusikia maji kwenye pafu kupitia kioo cha simu. Kisha Februari 24, 2022 Urusi ikaivamia Ukraine, ambako Tanzania ilikuwa na wanafunzi wapatao 300. Waliokuwa Sumy, mji ulio karibu kabisa na mpaka wa Urusi na wenye chuo kikuu kilichojaa wanafunzi wa udaktari kutoka Afrika na India, walijificha kwenye vyumba vya chini ya majengo kwa karibu wiki mbili, maji na chakula vikipungua, hadi mabasi yalipofanikiwa kuwatoa Machi 8. Watanzania walikuwemo. Walirudi hai, tunamshukuru Mungu. Lakini miaka mitatu au minne ya ada haikurudi nao, na wala sijasikia wakala aliyerudisha shilingi kwa sababu ya vita.

Mtu ataniambia vita na maradhi ni ajali, haviwezi kuwa hoja. Sawa. Viondoe. Hoja yangu kubwa inabaki palepale, na inahusu wodi.

Udaktari unajifunzwa kwa mgonjwa anayeongea. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu Dodoma au Moshi anaingia wodini asubuhi, anavuta kiti, anamwamkia bibi kitandani. Anauliza homa ilianza lini, inapanda usiku au mchana, choo kikoje, mkojo ukoje, ametumia dawa gani kabla ya kuletwa hospitali. Bibi anakwepa swali hilo la mwisho kwa sababu kuna mitishamba. Mwanafunzi anajifunza kuliuliza mara ya pili kwa sauti ya mjukuu, bila kumtisha, na bibi anasema ukweli, na ukweli huo unaeleza kwa nini figo zimechoka. Daktari bingwa anafika kwenye mzunguko, anamsahihisha mwanafunzi mbele ya wenzake, naye hatalisahau kosa lile hadi kustaafu. Kesho yake anarudia kwa mgonjwa mwingine. Hivyo ndivyo kijana wa miaka 22 anavyogeuka kuwa mtu unayeweza kumkabidhi mwanao.

Mwenzake aliyepelekwa ng'ambo anafundishwa darasani kwa Kiingereza, na darasani anaweza kufanya vizuri sana. Shida inaanza anapoingia wodini, kwa sababu mgonjwa wa Sumy anaugulia kwa Kiukraini au Kirusi, na mzee wa Wuhan anaugulia kwa Kichina cha mtaani kwao. Faili limeandikwa kwa lugha hiyo. Wauguzi wanaitana kwa lugha hiyo. Kijana wetu anasimama nyuma ya kundi, anatafsiriwa kwa kifupi, anaandika daftarini alichotafsiriwa, anaondoka. Wapo wanaojitahidi mpaka lugha inawakubali, na hao nawavulia kofia. Lakini wengine wanamaliza miaka sita hawajawahi kumhoji mgonjwa hata mmoja mwanzo hadi mwisho kwa kinywa chao, wala hawajashika kisu, wala hawajapokea mtoto kwa mikono yao.

Halafu wanarudi kwetu. Na kwetu daktari kijana wa hospitali ya wilaya hana muda wa kuzoea. Saa nane usiku Kiomboi analetwa mama aliyeanza uchungu jana kijijini, presha iko juu, anatupwa na kifafa cha mimba, na bingwa hayupo jengo hilo. Anayetazamwa na wauguzi ni yeye. Mtoto wa Mgori analetwa na degedege, na bibi yake ameshikilia kwamba mambo hayo ni ya mashetani na kwamba sindano itamuua mjukuu. Imani hiyo ipo sehemu nyingi za nchi na imechelewesha watoto wenye malaria kali mpaka wakati ukapita. Daktari inabidi amalizane na bibi kwanza, kwa heshima, kwa dakika chache alizonazo, ndipo amfikie mtoto. Nani atamfundisha hilo ng'ambo? Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu. Mwanafunzi wa Mwanza anakutana na selimundu kila wiki. Mwanafunzi wa Ukraine anaisoma kwenye ukurasa wa kitabu, anajibu swali la mtihani, anaendelea na magonjwa ya nchi ya baridi.

Hili si tatizo la akili za vijana wetu na wala si letu peke yetu. India, ambayo ilikuwa na wanafunzi zaidi ya 18,000 Ukraine vita ilipoanza, inawapa mtihani wahitimu wa udaktari waliosoma nje kabla ya kuwaruhusu kutibu, na kwa miaka kadhaa waliofaulu hawakufika robo ya waliofanya. Wahindi wanazijua namba hizo kwa sababu zinatangazwa. Hapo ndipo penye tofauti kati yao na sisi, na nitaparudia.

Najua jibu linalonisubiri: mbona wako madaktari wakubwa nchini waliosoma nje? Wako, na ninawaheshimu. Profesa Mohamed Janabi, aliyeijenga Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na ambaye mwaka 2025 alichaguliwa kuongoza Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika, alipata shahada yake ya kwanza ya udaktari Kharkiv, Ukraine ileile, enzi za Wasovieti. Mfano huu unatajwa sana na mawakala. Wasichokitaja ni namna vijana wa kizazi kile walivyokwenda. Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba Waingereza walipoondoka 1961 walituachia madaktari 12. Nchi changa ikafungua shule ya udaktari Dar es Salaam mwaka 1963, na kwa kuwa haikutosha, ikatafuta nafasi za masomo kwa marafiki wa nje. Vijana walichaguliwa kwa ufaulu. Walilipiwa. Walikaa mwaka mzima wakisoma lugha ya wenyeji kabla ya kugusa kitabu cha tiba, hivyo walipofika wodini walimwelewa mgonjwa wa Kharkiv. Na waliporudi kulikuwa na kituo cha kazi kilichokuwa kikiwahitaji. Taifa liliwatuma na taifa likawapokea. Kumtaja mtu wa kizazi hicho ili kumuuzia mkulima wa Iramba safari ya kujilipia, isiyo na mwaka wa lugha, isiyo na mkataba wowote wa kurudi, ni kumdanganya mchana kweupe.

Zanzibar ilitupa funzo jingine ambalo bara hatukulisikiliza vya kutosha. Ilipotaka madaktari wengi kwa haraka, mwaka 2007 iliwaleta walimu wa Kikuba kutoka Chuo Kikuu cha Matanzas wafundishe visiwani. Wanafunzi wakasoma wakiwa nyumbani, wakizunguka wodi za Mnazi Mmoja, wakiongea na wagonjwa wa mitaa ya Ng'ambo mjini Unguja na wa Makunduchi kwa Kiswahili chao. Profesa mmoja aliyesafiri alifundisha darasa zima. Sisi tunasafirisha darasa zima kumfuata profesa mmoja, kwa ng'ombe wa wazazi.

Sasa tuseme mtoto amepita yote hayo. Amemaliza, amerudi, amefaulu mtihani wa Baraza la Madaktari Tanganyika, amefanya mwaka wake wa utarajali. Je, Singida imempata? Kumbukeni 2017. Madaktari wa Kenya walikuwa wamegoma, Nairobi ikaomba madaktari Tanzania, na serikali yetu ikakubali kutoa 500. Tangazo lilipotoka, waliojitokeza na kukidhi vigezo walikuwa 258. Mahakama ya Kenya ikaizuia ajira ile, na Rais Magufuli akaamuru wote 258 waajiriwe hapa nyumbani. Wengi walishangilia, nami nilifurahi kwa ajili yao. Lakini hesabu ile inaniuma mpaka leo: madaktari waliokamilika, waliofundishwa kwa jasho la nchi, walikuwa wamekaa majumbani huku zahanati na vituo vya afya vikilia, na ilibidi nchi nyingine iwahitaji ndipo tuwaone. Tatizo la ajira halijaisha. Daktari mtarajali aliyemaliza bado anaweza kuzunguka na bahasha. Kama waliosoma Muhimbili wanazunguka, aliyesoma chuo ambacho mganga mkuu wa wilaya hajawahi kulisikia jina lake atazunguka zaidi, na deni la familia linamngoja mlangoni.

Kuna swali halali hapa, nisije nikaonekana nalikimbia. Nafasi za udaktari nchini ni chache kuliko vijana wenye sifa. Kijana mwenye alama nzuri za PCB aliyekosa nafasi afanye nini, aache ndoto? Hapana. Nafasi ziongezwe, na zinaweza kuongezwa bila kusubiri miujiza, kwa sababu kinachobana udaktari zaidi ya viti vya darasani ni walimu na vitanda vyenye wagonjwa. Vitanda Singida tunavyo. Kuna hospitali ya rufaa ya mkoa. Kuna Kiomboi. Kuna Makiungu, ambayo masista wa Medical Missionaries of Mary waliijenga kijijini wakati wengine hawakuiona njia ya kufika. Kuna Mtakatifu Gaspar pale Itigi, kazi ya wamisionari wa Damu Azizi, hospitali inayotibu watu wa Manyoni na mbali zaidi. Dodoma, kwenye chuo kikuu cha serikali chenye shule ya udaktari na Hospitali ya Benjamin Mkapa kando yake, ni safari ya saa tatu au nne kwa lami. Wanafunzi wa miaka ya juu wa Dodoma wangeweza kuletwa huku kwa mizunguko mirefu ya wodini, mabingwa wakalipwa kufundisha, na darasa la Dodoma likapanuka kwa kadiri hiyo. Hilo linahitaji nyumba za wanafunzi, posho za walimu na mkataba kati ya chuo na hospitali. Ni fedha, ndiyo. Lakini fedha zinazotoka mkoa huu kila mwaka kwenda kulipia mabweni ya watu ng'ambo nazo ni fedha, na zinatoka kwa watu wasiojiweza.

Kwa masomo ya ubingwa mambo ni mengine. Daktari aliyekwisha kuiva, anayejua anachokifuata, akienda Israel au India au Japani kujifunza upasuaji wa moyo wa mtoto, anarudi na kitu ambacho hatuna. Serikali imeanza kulipia ubingwa kwa ufadhili unaobeba jina la Rais Samia, na hapo naunga mkono bila kusita. Nazungumzia shahada ya kwanza, kijana wa miaka 19, mkono wa dalali.

Wengine watasema mzazi ana uhuru wa kutumia fedha yake apendavyo. Kweli kabisa, wala siombi watu wazuiwe kusafiri. Lakini uhuru wa kuchagua gizani ni uhuru wa nani? Tazameni tunavyofanya kwa kidato cha nne. Baraza la Mitihani linatoa matokeo ya kila shule nchini, madaraja yote, namba kwa namba. Mzazi wa Shelui akitaka kumpeleka mtoto shule ya bweni ya ada ya shilingi milioni mbili, anafungua simu, anaona shule ile ilipata daraja la kwanza ngapi na sifuri ngapi, anaamua. Mzazi huyohuyo akitaka kumpeleka mtoto chuo cha udaktari cha ng'ambo kwa zaidi ya shilingi milioni 60 kwa miaka sita, hana karatasi hata moja ya kulinganisha. Ana kipeperushi tu.

Na karatasi hiyo haihitaji utafiti mpya. Kila mhitimu wa nje anayetaka kutibu Tanzania Bara anapita mlango mmoja, Baraza la Madaktari Tanganyika, na anapita na cheti chenye jina la chuo. Kwa hiyo majibu yapo ofisini: chuo fulani cha Urusi, wahitimu wetu kadhaa walifanya mtihani, kadhaa wakafaulu mara ya kwanza, kadhaa wanaurudia kwa mwaka wa tatu sasa. Mficha uchi hazai. Nataka orodha hiyo itolewe hadharani, chuo kwa chuo, nchi kwa nchi, kwa miaka mitano iliyopita, na iongezwe kila mwaka. Majina ya wahitimu yafichwe, ni haki yao. Majina ya vyuo yaandikwe kwa herufi kubwa. Itakuwa heri hata kwa vyuo vya nje vilivyo vizuri, kwa sababu leo chuo kinachofundisha kweli kinawekwa kwenye bango moja na chuo kinachouza vyeti, na mzazi hana njia ya kuvitenganisha.

Tume ya Vyuo Vikuu nayo ifanye sehemu yake. Isitoe barua ya kutokuwa na pingamizi kwa mwanafunzi wa udaktari mpaka mzazi asaini kwamba ameonyeshwa orodha ya Baraza la Madaktari, na ameonyeshwa kwa maandishi kiasi ambacho wakala atalipwa na chuo kwa ajili ya mtoto wake. Wakala asiye tayari kuandika kiasi hicho afutwe usajili. Chuo ambacho wahitimu wake wengi wanaanguka mtihani mwaka hadi mwaka kisipewe barua hata moja, na mwakilishi wake asipewe ukumbi wa shule yoyote ya umma. Maafisa elimu wa mkoa wanaweza kulianza hili la kumbi hata wiki ijayo, hawahitaji sheria mpya.

Nimewasikia watumishi wa umma wakinong'ona kwamba orodha ya namna hiyo itaudhi nchi rafiki. Rafiki gani anaudhika kwa mkulima wa Ihanja kujua ukweli kabla ya kuuza ng'ombe? Na wengine wanasema itawavunja moyo vijana waliopo nje sasa hivi. Hao wanahitaji ukweli kuliko mtu yeyote. Aliyepo mwaka wa pili akiona chuo chake kinaangusha wengi, bado ana muda wa kuhama, au wa kuja nyumbani kila likizo na kuomba kukaa wodini Makiungu au Kiomboi akijifunza kwa wauguzi na madaktari wa pale. Aliyepo mwaka wa sita bila kujua ataambiwa na mtihani wenyewe, akiwa na miaka 26 na familia isiyobakiwa na kitu cha kuuza.

Wanafunzi wa PCB wa Mwenge na wa shule nyingine za mkoa huu watapata matokeo yao Julai, na mawakala wameshapanga kumbi. Orodha itoke Juni.